Semina imekwisha, korosho bado zinavunjika

Ndugu Mshauri,

Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kubangua korosho kilichopo mkoani Mtwara. Kiwanda chetu si kikubwa. Wakati wa msimu tunakuwa na wafanyakazi wapatao 200, wengi wao akina mama wanaotoka katika vitongoji vya jirani, na baadhi yao walikuwa kwenye meza za kubangua kabla mimi sijamaliza chuo. Ninakuandikia kwa sababu nimepewa jukumu la kuandaa mpango wa mafunzo wa msimu ujao, na kwa kweli sijui nianzie wapi.

Utaratibu wetu kwa miaka kadhaa umekuwa huu. Mwezi Agosti, kabla korosho mpya hazijaanza kuingia, tunamleta mkufunzi kutoka Dar es Salaam, tunakodi ukumbi wa hoteli mjini, na kwa siku mbili wafanyakazi wanafundishwa ubora wa bidhaa, usafi wa chakula, usalama kazini, nidhamu na huduma kwa mteja. Mada hiyo ya mwisho mpaka leo sijaelewa inamhusu nani, kwa kuwa mbanguaji wetu hakutani na mteja yeyote. Mkufunzi ni msomi na anazungumza vizuri, ila slaidi zake zimeandikwa kwa Kiingereza na mifano yake ni ya benki na kampuni za simu. Washiriki wanapata chai, chakula, posho na cheti. Fomu za tathmini zinazojazwa jioni ya siku ya pili huwa zinapendeza mno: karibu kila mtu anaandika kuwa mafunzo yalikuwa mazuri sana na kwamba siku ziongezwe.

Kisha ubanguaji unaanza na mambo yanakuwa yale yale. Korosho zinavunjika, na kiwango cha korosho nzima kinatofautiana sana kati ya meza na meza. Wamenyaji wanaikwangua punje kwa kisu mpaka inapata makovu na kushushwa daraja. Wabanguaji wanavua glavu, wanajipaka majivu, na mikono inaungua kwa mafuta ya maganda. Kipima unyevu kipya kinakaa kabatini, kwa kuwa anayejua kukitumia ni mtu mmoja tu. Siku asipokuwepo, watu wanarudi kwenye kutikisa korosho na kuiuma ili kukisia unyevu. Nilipomuuliza msimamizi wa zamu kwa nini yaliyofundishwa hayafuatwi, alinijibu kwamba ya hotelini yabaki hotelini, hapa tunataka kilo. Yeye na wenzake hawakuhudhuria semina, kwani walibaki kusimamia matengenezo ya mashine. Niongeze pia kwamba wabanguaji wetu hulipwa kwa kilo ya korosho karanga, yaani punje zilizokwisha kutolewa kwenye ganda, wanayoitoa, bila kutofautisha nzima na vipande.

Meneja amechoka. Anasema ama fungu la mafunzo lifutwe kabisa, ama tununue vishikwambi na kila mfanyakazi ajifunze mwenyewe kwa masomo ya mtandaoni. Mimi siamini katika mojawapo, lakini sina hoja ya kumpa. Naomba unisaidie: nitajuaje mafunzo gani yanahitajika, nitayafanyaje yawafae akina mama ambao wengine waliishia darasa la saba au kabla ya hapo, na nimwambie nini meneja? Halafu kuna suala la vyeti. Akina mama wanavithamini sana, na nikifuta semina wataona nimewanyang'anya haki yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa Rasilimali Watu, Mtwara


Ndugu Afisa,

Nitaanza na jambo ambalo huenda lisikufurahishe. Sehemu kubwa ya matatizo uliyoyaeleza si upungufu wa mafunzo, na hata ukimpata mkufunzi bora kuliko wote Afrika Mashariki, hayataondoka. Meneja wako ana haki ya kuchoka, ila amekosea kuhusu kinachomchosha.

Kabla hujapanga somo lolote, chukua kila tatizo peke yake na ujiulize swali moja: je, mfanyakazi huyu angeweza kuifanya kazi hii sawasawa iwapo angetakiwa aifanye mara moja mbele yako, bila haraka na kwa vifaa vizuri? Ikiwa angeweza, basi anajua, na kinachomzuia ni kitu kingine ambacho hakiondolewi kwa semina. Ikiwa asingeweza, hapo ndipo mafunzo yana kazi. Swali hili likiulizwa kwa uaminifu hupunguza orodha ya mafunzo kwa kiasi cha kushangaza, na ndiyo njia ya kwanza ya kuyafanya yale yanayobaki yawe na maana.

Hebu tulijaribu swali hilo kwenye kuvunjika kwa korosho, kwa kuwa ndiko fedha zenu zinakopotelea. Kabla ya kumfikia mbanguaji, korosho ghafi imeanikwa, imepangwa kwa ukubwa, imepikwa kwa mvuke na kuachwa ipoe ili ganda lake likauke na kupasuka kwa urahisi. Ikipikwa kwa muda usiotosha, au ikiharakishwa kupelekwa mezani kabla haijapoa, ganda hubaki laini na lenye utelezi, na mbanguaji hulazimika kutumia nguvu ambayo punje haiwezi kuihimili. Kubwa na ndogo zikichanganywa kwenye mashine ambayo visu vyake vimewekwa kwa saizi moja, kubwa hukatwa punje yenyewe na ndogo hupita bila kupasuka. Katika hali zote hizo anayelaumiwa ni mama aliyekaa mezani, na anayepelekwa hotelini kufundishwa ni yeye, ilhali kosa limefanyika saa nyingi kabla, upande wa boila au wa kupanga saizi.

Kwa hiyo katika wiki ya kwanza ya ubanguaji usifundishe kitu. Weka daftari kwenye kila meza na uagize yaandikwe mambo matatu: korosho zimetoka katika mkupuo gani wa boila, zimebanguliwa kwa mashine ipi, na kwa mikono ya nani, kando yake ziandikwe kilo za nzima na kilo za vipande. Wape watu nafasi ya kubadilishana mashine ndani ya wiki hiyo. Ikiwa vipande vinaongezeka kwa meza zote siku moja, tazama boila. Ikiwa vinaifuata mashine ileile hata anapoikalia mtu mwingine, visu vinahitaji kurekebishwa au kunolewa. Ikiwa vinamfuata mtu kila anapohamia, huyo ndiye wa kufundishwa, na utaona kwamba watu wa aina hiyo ni wachache kuliko ulivyodhani na kwamba wengi wao ni wageni wa kazi. Daftari hilo lina thamani kuliko fomu za tathmini zote mlizowahi kukusanya.

Hata mikono mizuri, hata hivyo, itashindwa na malipo ya namna mnayolipa. Sokoni, korosho karanga nyeupe na nzima hupangwa kwa idadi ya punje zinazoingia katika ratili (pauni) moja: W180 ndizo kubwa zaidi, zikifuatiwa na W210, W240, W320 na W450, na zilizovunjika huwekwa kwenye madaraja yake ya bei ya chini. Mnunuzi anatofautisha nzima na kipande kwa bei, lakini ninyi mnamlipa mbanguaji kilo kwa kilo bila kutofautisha, halafu mnamwomba kwa mdomo awe mwangalifu. Mama mwenye watoto wa kusomesha atakwenda kwa kasi, na mimi sitamlaumu. Msimamizi aliyekuambia kwamba ya hotelini yabaki hotelini alikuwa anasema kweli kuhusu kiwanda kilivyo. Kilo ya nzima ikilipwa zaidi kidogo kuliko kilo ya vipande, utaona watu wanaanza kuulizana wao kwa wao namna ya kuiweka korosho kwenye kisu, na hapo ndipo somo lako litakapopata wasikilizaji.

Kuhusu kukwanguliwa kwa punje, nenda kwanza kwenye tanuri. Punje zikikaushwa sawasawa baada ya kubanguliwa, ngozi ile nyekundu hulegea na kutoka kwa kusuguliwa na vidole, na kisu kinabaki kwa sehemu chache zilizogoma. Zikitoka tanurini zikiwa bado na unyevu, ngozi hung'ang'ania na mmenyaji hana njia isipokuwa kukwangua. Zikikaushwa kupita kiasi, zinakuwa tete na kumeguka. Hapa huenda mtu anayehitaji mafunzo ni mmoja tu, yaani anayesimamia tanuri, na mlikuwa mnawafundisha wamenyaji wote waliokaa chini yake.

Suala la glavu ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu miili ya watu. Mafuta ya ganda la korosho yana tindikali inayobabua ngozi, na hakuna mbanguaji asiyelijua hilo. Anayo alama kwenye vidole vyake. Kwa hiyo somo la kumwambia kwamba mafuta yanaunguza ni la kumfundisha samaki kuogelea. Anavua glavu kwa sababu ni nene au ni kubwa kuliko mkono wake, zinampunguzia kasi, na kasi ndiyo mshahara. Keti na akina mama wachache, leteni aina mbili au tatu za glavu na mafuta ya kupaka, wazijaribu kwa siku kadhaa, kisha wao ndio waseme ipi inunuliwe. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga pamoja na maelekezo ya kuvitumia, hivyo fungu hili meneja hana ruhusa ya kulifuta kwa kisingizio kwamba semina hazikuzaa matunda.

Kinachobaki ni kipima unyevu, na hiki kweli ni cha kufundishwa. Nitakitumia kueleza namna ya kufundisha, kwa kuwa njia ni ileile kwa kazi nyingine za kiwandani.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilijikuta vikiajiri kwa wingi watu ambao hawakuwahi kufanya kazi ya kiwandani, wanawake wengi wakiwemo, na kati ya mwaka 1940 na 1945 serikali ya huko iliendesha mpango wa kuwafundisha wasimamizi wenyewe namna ya kufundisha. Hatua zilikuwa nne tu: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwachia aifanye mwenyewe huku akieleza anachofanya, na kumfuatilia baadaye. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, na viwanda vya huko viliushika kwa dhati. Mpango wenyewe ulikuwa na msemo kwamba ikiwa mfanyakazi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha. Kwetu kusini jambo hili si geni. Kungwi wa unyago hamkabidhi mwali makaratasi. Humwonyesha, humfanyisha, humrudisha nyuma anapokosea, wala hamwachi mpaka aone kwamba limeingia.

Kwa kipima unyevu, basi, usiwakusanye watu 200. Chagua watatu au wanne katika kila zamu, wale wanaopokea mzigo na wanaosimamia uanikaji. Andika kazi yote kwenye nusu karatasi kwa Kiswahili, kila hatua na sababu yake pembeni: korosho za kupimwa zitolewe katika magunia mbalimbali, ya juu na ya chini, kwa kuwa gunia la mlangoni limepigwa na upepo na litakudanganya, namba isomwe ikishatulia, iandikwe kabla sampuli haijamwagwa, mzigo wa kuhifadhiwa usizidi asilimia 10 ya unyevu, la sivyo utaota ukungu ghalani. Sababu ni za lazima. Mtu aliyeambiwa hatua bila sababu huiacha siku ya kwanza anapobanwa na muda. Kisha yule mmoja anayekijua aonyeshe mara moja akieleza, aonyeshe tena taratibu, halafu kila mwanafunzi apime mwenyewe kwa sauti: nafanya hivi kwa sababu hii. Kesho yake wapime tena bila karatasi. Baada ya wiki, wewe mwenyewe pita bila kutoa taarifa na umwombe mmoja akupimie gunia. Somo zima halimalizi saa moja ya kazi kwa mtu, na wale waliozoea kutikisa na kuuma waachwe watikise kwanza, waseme wanavyokisia, kisha mashine iwajibu. Wengi wao watakuwa hawako mbali, na heshima hiyo itawafanya wakubali kifaa badala ya kukiona kama kimeletwa kuwaumbua.

Utagundua kwamba mfano huu unahitaji korosho ziwepo. Semina yenu hufanyika Agosti, wakati ghala ni tupu, na mzigo mpya huanza kuonekana Oktoba. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba tunachojifunza bila kukirudia hupotea kwa kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo kabisa. Mtu aliyesikia jambo Agosti na kuligusa Novemba hajalisahau kwa uzembe. Hamisheni mafunzo yaingie ndani ya msimu, yawe vipande vya robo saa au nusu saa mwanzoni mwa zamu, jambo moja kwa wakati mmoja, na lile la juma lililopita lirudiwe kwa kumwita mtu aonyeshe badala ya kwa kuhutubia.

Nani afundishe? Wafundishe wale wanaoweza kazi, lakini usidhani kwamba mbanguaji hodari kuliko wote ndiye mwalimu bora. Wapo ambao mikono yao inajua mambo wasiyoweza kuyasema, na wapo wanaolinda siri ya ustadi wao kwa sababu ndio unaowapa kipato. Mtafute yule ambaye wageni tayari humwendea wakikwama. Kila meza inaye. Kisha, na hili usilipuuze, mlipe. Mama anayelipwa kwa kilo akikaa saa nzima kumwelekeza mgeni amepoteza saa nzima ya kipato chake, na mgeni naye amepoteza yake. Chukueni wastani wa kilo zake kwa saa na mlipe kiasi hicho kwa kila saa ya kufundisha, mkiongeza kidogo kwa ajili ya kazi yenyewe. Bila hivyo mtakuwa mmebuni utaratibu mzuri unaoendeshwa kwa mfuko wa maskini, nao utakufa baada ya wiki mbili.

Hofu yako kuhusu akina mama walioishia darasa la saba naiona kuwa kubwa kuliko inavyostahili. Kazi ya mikono hujifunzwa kwa macho na mikono, na mtu asiyesoma vizuri anaweza kukushinda wewe na mimi mezani kwa mbali. Kilichowashinda hotelini ni slaidi za Kiingereza na mifano ya benki. Fundisheni kwa Kiswahili, na pale ambapo mwalimu na mwanafunzi wote ni Wamakonde au Wamakua na wanaelewana vyema zaidi kwa lugha yao, waacheni. Badala ya maandishi marefu tumieni sampuli halisi: sinia moja lenye punje nzima safi, la pili lenye zilizokwanguliwa, la tatu lenye zilizoungua, yakae mahali ambapo kila mtu anapita.

Wasimamizi ndio wawe wa kwanza kufundishwa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mfanyakazi humsikiliza anayempangia kazi kesho asubuhi, si mgeni aliyekwisha kupanda ndege kurudi Dar es Salaam. Msimamizi anayeulizwa na meneja kilo tu atadai kilo tu. Ataanza kuzungumza habari za nzima na vipande siku atakapoulizwa habari hizo kila jioni, na hilo liko katika uwezo wa meneja wako bila kutumia hata shilingi moja.

Hapo tunafika kwenye hoja ya kumpa meneja. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: kama washiriki waliyapenda, kama walijifunza, kama wanafanya kazi tofauti na zamani, na kama matokeo ya kazi yamebadilika. Fomu zenu zimeishia ngazi ya kwanza, na ngazi hiyo hupandishwa kwa urahisi na pilau na posho. Sina ugomvi na posho, ila isitumike kama kipimo. Mpelekee meneja ngazi ya nne, kwa hesabu za kiwanda chake mwenyewe. Kwa kawaida kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya korosho karanga, kwa hiyo kila punje inayovunjika imebeba gharama ya mzigo mkubwa uliokwisha kununuliwa. Tuseme meza moja inatoa kilo 100 za korosho karanga kwa siku, na nzima zikapanda kutoka kilo 60 hadi kilo 68: zidisha kilo hizo nane kwa tofauti ya bei kati ya nzima na vipande katika mauzo yenu ya mwisho, kisha zidisha kwa idadi ya meza na siku za msimu. Kando yake weka gharama ya ukumbi, nauli, chakula na ada ya mkufunzi, na gharama ya kuwalipa akina mama wanaofundisha. Iwe karatasi moja. Meneja anayepinga mafunzo mara chache hupinga hesabu ya aina hiyo.

Vishikwambi visinunuliwe kwa sasa. Masomo ya mtandaoni yanaweza kumfaa mhasibu wenu au wewe mwenyewe, lakini hakuna somo la mtandaoni linaloijua mashine yenu wala korosho za Newala zilizoingia wiki iliyopita. Ikiwa mnataka teknolojia, simu moja inatosha: mrekodi mama yule anayefundisha vizuri, dakika mbili au tatu, mikono yake ionekane kwa karibu, ionyeshwe kwa mgeni siku ya kwanza na irudiwe anapokwama. Ombeni ridhaa yake kwanza.

Vyeti ni suala la haki, na ninafurahi umeliuliza. Cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili hakimsaidii mama huyo popote nje ya ukuta wa nyumba yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina vyuo Mtwara na Lindi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ambapo mtu aliyejifunza bila kupita chuoni hupimwa na akifaulu hupewa cheti kinachotambulika. Nenda chuoni Mtwara uulize ni fani zipi kati ya kazi za kiwandani kwenu zinaweza kuingizwa humo. Mafundi wa boila, umeme na mitambo wana nafasi nzuri, na kwa usindikaji wa korosho ufike na maelezo ya kazi yenyewe mkononi. Kiwanda cha ukubwa wenu hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kupitia mamlaka ya mapato, TRA, na sehemu ya tozo hiyo ndiyo inayoiendesha VETA, kwa hiyo hutakwenda kuomba hisani. Akina mama waelezwe mapema, kabla ya Agosti, kwamba semina ya hotelini haitakuwepo, fedha zake zimehamia wapi, na nani kati yao watalipwa kufundisha. Wakisikia kwa uvumi kwamba posho imefutwa, hakuna maelezo yatakayotosha baadaye.

Iwapo meneja atakataa kugusa malipo kwa kiwanda kizima, omba meza mbili tu za majaribio kuanzia mzigo wa kwanza wa Oktoba: kilo ya nzima ilipwe zaidi, visu virekebishwe, mwalimu mmoja alipwe, daftari liandikwe kila siku. Meza mbili nyingine ziachwe kama zilivyo, mashine zikiwa za aina moja na korosho zikitoka kwenye mkupuo uleule wa boila. Mwishoni mwa Novemba mpelekee madaftari yote manne kabla hajaanza kupanga bajeti inayofuata.

Mshauri